Ukipewa kete si lazima uile: dhana potofu kuhusu uchambuzi wa michezo mikubwa ya chesi

Kirumba, jijini Mwanza, jirani na soko la samaki la Mwaloni, kuna meza mbili chini ya mwembe. Ya kwanza ni ya drafti, kete zake vizibo vya soda, na haikosi watu tangu asubuhi. Ya pili ni ya chesi. Hapo mimi hukaa na vijana kila Jumamosi jioni, wachuuzi wa dagaa wakiwa wanafunga magunia. Tunachukua mchezo mmoja uliochezwa na wakubwa wa dunia, wenye maelezo ya mchambuzi, tunauweka ubaoni na kuusogeza hatua kwa hatua. Kila mtu anasema angefanya nini kabla hatujafunua jibu.

Kuna maneno ninayoyasikia pale tena na tena kuhusu michezo hii na maelezo yake. Baadhi yanawarudisha nyuma vijana wenye kipaji kabisa, na hilo linaniuma. Ndiyo maana naandika.

"Akikupa kete, ile. Ukikataa umeogopa."

Dhana hii imevuka kutoka meza ya jirani. Kwenye drafti kula ni lazima, na utamu wote wa drafti uko humo: unamtegea mwenzako kete moja, hana pa kukwepea, anakula, kisha unamfagia tatu. Kijana aliyekulia kwenye vizibo akija kwenye chesi huja na sheria hiyo kichwani, hata kama mwenyewe hajui.

Sasa tazama mchezo ambao naufundisha kuliko mwingine wowote. Tarehe 20 Januari 1999, Wijk aan Zee, mji mdogo wa pwani ya Uholanzi, Garry Kasparov, mmoja wa mabingwa wakubwa wa dunia, alicheza kete nyeupe dhidi ya Veselin Topalov wa Bulgaria. Hatua ya 24 Kasparov alishika ngome akala askari wa d4 (mraba hutajwa kwa herufi, a mpaka h, na namba, 1 mpaka 8), mahali ambapo askari mweusi wa c5 angeweza kuila ngome ile bila taabu. Topalov akaila. Kasparov akaleta ngome ya pili e7 kwa sheki, yaani ikimtishia mfalme, nayo akaiweka mdomoni mwa malkia.

Hapo huwa nawasimamisha vijana. Na hii tuile? Wengi wanasema ndiyo. Basi tunaifuata njia hiyo. Malkia mweusi anakula ngome ya e7. Malkia mweupe anakula d4 kwa sheki, mfalme anarudi b8. Malkia anaingia b6 kwa sheki, askofu anaziba b7. Farasi anaruka c6 kwa sheki, na askofu hawezi kumla kwa sababu akitoka tu pale mfalme wake anabaki wazi. Mfalme anakimbilia a8, malkia anashuka a7, chekimeti: mfalme hana pa kukimbilia, mchezo umekwisha. Meza yote hunyamaza kidogo.

Topalov aliliona hilo, akamkimbiza mfalme. Mfalme mweusi akatembea b6, a5, a4, a3, b4, c3, d2 mpaka d1, yaani alivuka ubao mzima akaishia mstari wa kwanza wa adui yake. Hatua ya 44 Topalov alisalimu.

Watu wengi wakifika hapo hufunga kitabu wakisema Kasparov ni jini. Mchambuzi wa kweli hurudi hatua ya 24 na kumwekea Topalov alama ya kuuliza, yaani amekosea, kwa sababu hakulazimika kula. Kama mfalme wake angesogea b6, angemgusa farasi wa a5, na Nyeupe asingekuwa na ushindi wowote mkononi. Tena wachambuzi walionyesha baadaye kwamba hata Kasparov, hatua ya 28 alipompeleka malkia c3, alikuwa na kitu kikali zaidi: ngome kwenda a7 palepale.

Kwa hiyo zile alama mbili za mshangao zinazowekwa kando ya hatua ya 24 zinasemaje? Hazisemi kwamba hatua ile inashinda kwa vyovyote. Zinasema mtu amebuni jambo gumu na zuri, akamtwika mpinzani mtihani mzito saa ikiwa inakimbia. Alama ya mshangao ikifuatwa na ya kuuliza ni hatua yenye jambo, inayostahili kuangaliwa. Zikigeuzwa, ya kuuliza ikatangulia, ni hatua yenye mashaka. Yote hayo ni maoni ya msomaji mmoja mwenye ujuzi. Unaruhusiwa kubishana naye, na ni vizuri ubishane.

"Siku hizi kuna mashine, uchambuzi wa binadamu umepitwa"

Kijana mmoja fundi simu pale Makoroboi aliniambia, "Mwalimu, kwa nini tuhangaike saa nzima? Niweke kwenye programu, sekunde mbili inatupa namba ya nani anaongoza." Ni kweli inatoa namba, na ni kweli programu kama Stockfish inamshinda binadamu yeyote aliye hai. Sibishi. Ninachouliza ni namba ile inamwambia nini yeye.

Wengi wanaamini +1 maana yake Nyeupe amezidi askari mmoja. Tangu toleo la 15.1 la Stockfish, lililotoka Desemba 2022, namba hiyo imepangwa upya: +1 inamaanisha Nyeupe ana nafasi ya asilimia 50 ya kushinda, mashine ikicheza na mashine. Wewe na mimi si mashine.

Kibaya zaidi ni sifuri. Kijana akiona 0.00 anasema "hapo hamna kitu, sare," anaruka hatua kumi mbele. Nenda naye Dubai, tarehe 3 Desemba 2021, mchezo wa sita wa kugombea ubingwa wa dunia kati ya Magnus Carlsen na Ian Nepomniachtchi. Mitano ya kwanza ilikwisha sare. Huu wa sita ulikwenda hatua 136, mrefu kuliko wowote katika historia ya ubingwa wa dunia. Uliotangulia kwa urefu ni wa Korchnoi na Karpov mwaka 1978, hatua 124. Walikaa pale kwa muda wa saa nane kasoro robo.

Mwishoni Carlsen alibaki na ngome, farasi na askari wawili. Nepomniachtchi na malkia peke yake. Ukihesabu na wafalme ni kete 7. Nafasi zote za kete 7 au pungufu zimekwisha kukokotolewa na kuwekwa kwenye majedwali ya kompyuta, kwa hiyo hapa hakuna kubahatisha: jedwali linajua. Na jedwali linasema mpaka hatua ya 130 ilikuwa sare. Sifuri. Nepomniachtchi akampeleka malkia e6, na sare ikapotea hapohapo.

Sifuri ile ilikuwa na njia nyembamba kama ubao wa kupandia mtumbwi, na mtu aliyetakiwa kupita juu yake alikuwa ameketi tangu mchana, dakika zake zimebaki kidogo, na kila hatua inaongezewa sekunde 30 tu. Kuna sifuri nyingine ambayo hata ukifumba macho hupotezi. Mashine inaziandika sawasawa. Mchambuzi ndiye anayekwambia hii ni ipi, nani anaumia, ni kete gani imekaa vibaya na kwa nini malkia mmoja alishindwa kupata sheki za kudumu, zile zisizokoma zinazoleta sare. Ndiyo kazi yake, na haijapitwa.

Kwa vijana wangu nimeweka utaratibu: kwanza macho na daftari, mashine mwisho. Ukianza na mashine hutajua ulikuwa unafikiri nini kabla hujaambiwa.

"Wale wanaona hatua ishirini mbele, sisi hatuwezi kuwafuata"

Hii ndiyo inayowakatisha tamaa zaidi wanaoanza. Mholanzi Adriaan de Groot, mwanasaikolojia na mchezaji mzuri yeye mwenyewe, aliwakalisha wachezaji mbele ya ubao na kuwaomba wafikiri kwa sauti. Miongoni mwao walikuwa Alexander Alekhine na Max Euwe, wote mabingwa wa dunia. Matokeo aliyoyatoa mwaka 1946 yalionyesha kwamba magwiji hawakuchimba mbali sana kuliko wachezaji wazuri wa kawaida. Walichowazidi ni kuitazama hatua inayofaa mapema.

Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon huko Marekani waliendeleza jambo hilo. Waliwaonyesha watu ubao kwa sekunde 5, kisha wakawaambia waupange upya kwa kumbukumbu. Nafasi ikiwa imetoka kwenye mchezo halisi, bingwa aliwaacha wengine mbali. Kete zikitawanywa ovyo, tofauti ilikaribia kufutika.

Wavuvi wa hapa hawahitaji kuambiwa maana yake. Nahodha anayetoka Ukerewe haoni chini ya maji, lakini akitazama wingu na rangi ya ziwa anajua ageuze mtumbwi, kwa sababu hali hiyo ameikuta mara nyingi. Mchezo wenye maelezo ni safari hizo za ziwani. Ukipitia mia moja polepole, ubao unaanza kukupa sura unazozijua. Kukariri hatua bila maelezo hakukupi hilo. Nimewaona wanaojua hatua 15 za mwanzo kama wimbo, mpinzani akifanya ya 16 asiyoitarajia, mikono inatetemeka.

"Michezo ya sare haina la kujifunza"

Fungua mchezo wa Samuel Reshevsky na Tigran Petrosian, Zurich, 1953. Reshevsky mwenye nyeupe ana askari d4 na e5, wanakuja kama lori lisilo na breki. Hatua ya 25 Petrosian anaiweka ngome yake e6, mahali ambapo askofu mweupe anaweza kuila wakati wowote. Hakuna sheki wala tishio, na ukitazama haraka utadhani amesahau.

Alichotaka ni kuzuia lori kwanza, kisha ampitishe farasi e7 mpaka d5. Reshevsky alipoila ngome, farasi alifika d5 akakaa kama Jiwe la Bismarck pale ufukweni: mawimbi yanapiga, halitikisiki. Askari weupe wakaganda, ngome za Reshevsky zikakosa pa kupita. Mwishowe yeye mwenyewe akarudisha ngome moja kwa kumla askofu, na hatua ya 41 wakakubaliana sare. Hakuna chekimeti hata moja mle ndani, lakini mtu akiuelewa mchezo huo hawezi tena kuhesabu kete kama anavyohesabu nauli. Nimeutumia kwa wiki tatu mfululizo na bado hatujaumaliza.

"Mchezaji mwenyewe akiandika, huo ndio ukweli"

Hapa nitakuwa mfupi. Maelezo ya mchezaji yana thamani kubwa, maana yeye ndiye anayejua aliogopa nini. Lakini naye ni binadamu. Alekhine aliwahi kuchapisha mchezo wenye malkia watano ubaoni kana kwamba ulichezwa hivyo Moscow mwaka 1915, dhidi ya Grigoriev. Mchezo halisi ulipita njia nyingine. Wale malkia watano walitoka kwenye uchambuzi wake. Isitoshe, yeyote anayeandika akijua nani alishinda huelekea kuona kila hatua ya mshindi kuwa ya busara. Ndiyo maana huwa nawafichia vijana matokeo.

"Uchambuzi ni wa wanaojua Kiingereza"

Hii naisikia hasa kwa watoto wa shule za msingi, na ndiyo ningependa ife mapema kuliko zote. Mwaka 1966, Belgrade, Aleksandar Matanović alianzisha chapisho la uchambuzi lililotumia alama pekee, bila maneno, ili Mrusi, Mhispania na Mwarabu wasome ukurasa uleule. Mraba unaitwa kwa herufi kutoka a mpaka h na namba kutoka 1 mpaka 8. Mtoto anayejua kutafuta kiti chake kwenye basi la kwenda Dar anaweza kuupata mraba wa e6.

Binti mmoja wa darasa la sita, anayekuja na mama yake muuza sato, ameanza daftari lake. Kushoto anaandika hatua, kulia anaandika kwa Kiswahili chake. Kwenye mchezo wa Wijk aan Zee, hatua ya 24, ameandika: "Asile. Mfalme b6, amfukuze farasi." Chini yake kuna swali ambalo bado sijamjibu sawasawa: farasi akirudi b3, askofu mweusi ale d5 au asubiri? Jumamosi ijayo tunaanzia hapo.