Dawa mbili za mzio, moja inalaza na nyingine hailazi: kwa nini?

Nikimeza klofeniramini nasinzia, nikimeza feksofenadini niko macho. Si zote ni za mzio?

Ni za mzio zote, na kazi yao ni ileile: kuziba vipokezi (sehemu za seli zinazopokea ujumbe) vya histamini, kemikali inayoleta muwasho, chafya na makamasi. Lakini histamini ina kazi nyingine ubongoni, nayo ni kumweka mtu macho. Dawa ikiingia huko, usingizi unakushika.

Nini kinaamua iingie au isiingie?

Muundo wa molekuli. Seli za kuta za mishipa midogo ya damu ubongoni zimebanana mno, hivyo dawa nyingi haziwezi kupita katikati yake. Inabidi zipenye seli zenyewe, na utando wa seli ni wa mafuta. Molekuli ndogo inayoyeyuka kwenye mafuta hupenya. Yenye chaji ya umeme hupata tabu. Tena kuna protini ukutani humo zinazozirudisha baadhi ya dawa kwenye damu. Feksofenadini ni mojawapo ya zinazorudishwa.

Mfano ninaoupenda ni haidroksizini, dawa ya zamani inayolaza sana. Mwishoni mwa mkia wake kuna kundi la alkoholi, yaani oksijeni iliyoshikana na hidrojeni. Ikifika kwenye ini, hapo hutoka hidrojeni mbili na kuingia oksijeni moja, alkoholi ikawa asidi. Molekuli hiyo mpya ndiyo setirizini, ambayo watu huinunua kama dawa tofauti kabisa! Asidi ile hubeba chaji, kwa hiyo ubongoni huingia kidogo.

Kwa hiyo setirizini hailazi kabisa?

Huwalaza baadhi ya watu. Usiendeshe gari kabla hujajua inavyokuchukua, na usiichanganye na pombe.

Nikikosa usingizi, nimeze klofeniramini?

Hapana, ingawa wengi hufanya hivyo. Mwili huizoea haraka, na asubuhi unaamka mzito. Isitoshe, huziba pia vipokezi vya asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe wa neva, ndiyo maana mdomo hukauka, choo kikawa kigumu na mkojo ukagoma kutoka. Wazee huweza hata kuchanganyikiwa. Usingizi ukikosekana kwa wiki kadhaa, mwone daktari atafute chanzo.