Tumeni: jeshi la Wamongolia lilivyopangwa kwa makumi

Tumeni ni kikosi cha askari 10,000, na ndicho kilichokuwa kikosi kikubwa kuliko vyote katika jeshi la Wamongolia wa karne ya 13. Ndani yake mlikuwa na vikosi kumi vya watu 1,000, kila kimoja kikiwa na vikosi kumi vya watu 100, na hao mia nao wakagawanywa kumi kumi. Hiyo ni hesabu ya kwenye mpango. Vitani tumeni nyingi zilikuwa na watu pungufu.

Kupanga askari kwa makumi hakukuanza na Genghis Khan. Watu wa nyika za Asia walikuwa wakifanya hivyo zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Jipya alilolileta, na kwangu hilo ndilo kiini cha habari yote, ni kuutumia mpango huo kuvunja makabila. Mwaka 1206, baraza kuu lilipokutana kando ya mto Onon na kumtangaza kuwa mtawala wa nyika nzima, aliwagawa watu wake katika maelfu na kuwateua makamanda wao. Koo zilizomtii tangu mapema aliziacha pamoja. Walioshindwa, kama Watatari na Wakerait, walitawanywa katika vikosi vya watu wengine, na askari hakuruhusiwa kuhama kikosi alichopangiwa. Utii uliokuwa wa mkuu wa ukoo ukahamia kwa kamanda, na kwa kamanda ukafika kwa Khan.

Cheo nacho hakikufuata nasaba peke yake. Jebe alipigana upande wa maadui na mshale wake ukampata farasi wa Khan. Alipokamatwa alikiri mwenyewe, akasamehewa, na baadaye akawa mmoja wa majemadari wakubwa wa dola hiyo.

Nidhamu ilikuwa kali mno. Giovanni da Pian del Carpine, mjumbe wa Papa aliyefika Mongolia mwaka 1246, aliandika kwamba mtu mmoja au wawili wa kundi la kumi wakikimbia vitani, kumi wote huuawa. Mazoezi yao makubwa yalikuwa msako wa majira ya baridi: maelfu ya wapanda farasi walizingira eneo pana, wakalibana duara siku baada ya siku, na aliyeacha mnyama apenye aliadhibiwa.

Bila nidhamu hiyo, mbinu yao maarufu ya kukimbia kwa hila isingewezekana. Jeshi linalojifanya limeshindwa huweza kushindwa kweli, kwa sababu hofu huambukiza na safu zikishavunjika ni shida kuzirudisha. Wamongolia waliweza kurudi nyuma kwa siku kadhaa huku kila kumi wakijua wako wapi. Askari alikuwa na farasi zaidi ya mmoja, akabadilisha kila mmoja alipochoka, na aliweza kugeuka akiwa mbioni na kufyatua mishale nyuma yake. Mwaka 1223 Jebe na jemadari mwenzake Subutai waliwavuta wakuu wa Warusi na Wakipchak, wafugaji wa nyika za magharibi, kwa siku tisa hivi. Walipofika mto Kalka, waliokuwa wakifukuza walikwisha kutawanyika, kila mkuu na watu wake. Hapo Wamongolia wakageuka na kuwaangamiza.

Huko Mohi, Hungaria, mwaka 1241, walifanya kinyume. Walipoizingira kambi ya Mfalme Bela wa Nne waliacha mwanya mmoja wazi. Aliyeziba njia zote humlazimisha adui apigane mpaka kufa. Wahungaria waliuona upenyo, wakatoka mbio bila mpangilio, na wengi wakauawa njiani.

Mwaka 1260, huko Ain Jalut katika Palestina, kikosi cha Kitbuqa, kamanda wa Wamongolia, kilivutwa kwa hila hiyo hiyo ya kujifanya kukimbia na Wamamluki, askari wa asili ya utumwa waliotawala Misri, kikazingirwa, na Kitbuqa akauawa. Baybars, mmoja wa makamanda wa Wamamluki siku hiyo, alikuwa Mkipchak aliyezaliwa nyikani na kuuzwa utumwani baada ya Wamongolia kuivamia nchi yao.