Kahawa ya Shamba Moja: Ladha Yake Hutoka Wapi

Tunapowaonjesha watu kahawa hapa Nakuru, swali huwa lile lile: "Mmetia nini humu?" Hatujatia kitu. Uchachu unaokukumbusha zambarau mbivu umetoka kwenye tunda lenyewe.

Shamba likiwa juu, kama kwenye miteremko ya Mlima Elgon, baridi ya usiku hulichelewesha tunda kuiva. Punje hupata muda wa kujaa na kuwa ngumu, na ladha hukolea. Mbegu nayo ina sehemu yake. SL28, aina ya mbegu iliyoteuliwa miaka ya 1930, inasifika sana kikombeni lakini magonjwa huishambulia kwa urahisi. K7, aina nyingine, ni ya kwetu kabisa: ilitokana na mti mmoja uliochaguliwa Muhoroni, na inastahimili kiasi ugonjwa wa kutu ya majani, hata kwenye mashamba ya chini.

Lakini nimeonja kahawa ya mlimani, ya mbegu nzuri, iliyoharibikia kiwandani. Hapo ndipo ningependa tupaangalie zaidi. Minya tunda jekundu: punje mbili zinachomoka zikiwa na ute mtamu unaoteleza. Ute huo huachwa uchachuke, kisha kahawa huoshwa hadi ukiisugua viganjani ikwaruze kama changarawe. Ikiachwa ichachuke kupita kiasi, inanuka siki. Halafu huanikwa kwenye vitanda vya waya, ikigeuzwa mara kwa mara na kufunikwa jua likiwa kali ili ganda lisipasuke.

Kahawa ya shamba moja haina pa kujificha. Ikichanganywa na nyingine, kasoro humezwa. Ikiwa peke yake, uzembe wa mchumaji mmoja unaonekana. Msidanganyike pia na AA kwenye pakiti. Hicho ni kipimo cha ukubwa wa punje kwenye chekeche, hakisemi lolote kuhusu ladha. Muulize muuzaji jina la shamba, aina ya mbegu na tarehe ya kukaanga.

Nyumbani, saga gramu 8 za kahawa, umwagie mililita 150 za maji yaliyotoka kuchemka. Subiri dakika 4, vunja utando wa juu kwa kijiko huku ukinusa, kisha onja bila sukari. Usiimalize ikiwa moto. Ikipoa hadi vuguvugu, zambarau ile hujitokeza wazi. Ukikuta ladha ya majani mabichi badala yake, kuna matunda yaliyochumwa kabla ya kuiva.