Tunalionea neno "kuwajibika"

Jumapili iliyopita nilikuwa kwenye kikao cha ukoo huko Kibosho. Baba mkubwa alisimama, akamgeukia mdogo wangu aliyerudi wiki tatu zilizopita kutoka nyumba ya upataji nafuu ya wanaoacha pombe, akamwambia mbele ya watu wote: "Leo uwajibike!" Mdogo wangu akainamisha kichwa. "Baba mkubwa, mimi nilishawajibika. Mbuzi nilitoa, kazini wakanifukuza, mke akaondoka. Mnataka niwajibike mara ngapi?"

Hakuna aliyeshtuka. Mimi ambaye nimefundisha Kiswahili miaka 23, na tangu 2015 sijagusa pombe, nilishtuka mara mbili. Baba mkubwa alimaanisha "uadhibiwe". Mdogo wangu alimaanisha "nimeshaadhibiwa". Kuwajibika kwenyewe hakukuwamo kikaoni. Kosa hilihili nalisikia redioni, nalisikia kanisani, na nalisikia kwenye kundi letu la Alhamisi hapa Moshi, la sisi tulioacha pombe. Huko ndiko linakoniuma zaidi, kwa sababu huko linaweza kumrudisha mtu kilabuni.

Maana yake haina mengi. Kuwajibika ni kulikubali jambo lililo juu yako na kulifanya bila kusukumwa. Kuacha lawama ni kuacha kumtafuta mtu wa kumtwisha jambo hilo. Umelewa ukavunja mlango, ukiamka utengeneze. Ni hivyo tu.

Neno lilipopotea ni kwenye siasa. Magazeti yetu yamezoea kuandika "waziri awajibike" yakimaanisha ajiuzulu, na mfano unaotajwa kila mara ni wa Ali Hassan Mwinyi. Miaka ya 1970, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola walikufa huko Shinyanga na Mwanza. Yeye mwenyewe hakumgusa mtu. Akajiuzulu. Mwaka 1985 akawa Rais. Tukisimulia habari hiyo tunakazia kule kuondoka, tunaacha kiini: mtu ambaye mkono wake haukutenda alikubali kwamba jambo limetokea chini ya paa lake. Kujiuzulu kulikuwa namna ya kulibeba kwa mtu mwenye cheo kama chake. Mlevi hana cheo hicho. Hawezi kujiuzulu ubaba, hawezi kujiuzulu deni la dukani. Anachotakiwa yeye ni abaki.

Sasa asili ya neno. "Wajibu" limetoka Kiarabu, kwenye kitenzi wajaba. Maana yake ya kisheria tunaijua, jambo la lazima. Lakini kitenzi hicho kina maana nyingine ya zamani ambayo mimi naipenda zaidi: kuanguka, kutua chini. Katika Sura ya Hajj, aya ya 36, kimetumika kwa wanyama wa kuchinjwa pale mbavu zao zinapoanguka ardhini. Basi wajibu ni kitu kilichokuangukia. Nani alikiangusha ni swali jingine kabisa. Upepo ukiangusha mgrivea usiku ukaziba njia ya kihamba chako, yaani shamba la nyumbani, asubuhi unatafuta panga. Unaweza kumsema babu aliyeupanda karibu na njia, na pengine babu alikosea kweli, lakini mti bado umelala pale na watoto wanataka kupita kwenda shule.

Kiswahili kilipolipokea neno hilo kililitendea kama kilivyotendea maneno mengi. Kutoka "shughuli" tukapata kushughulika na kushughulisha. Kutoka "aibu" tukapata kuaibika na kuaibisha. Kutoka "wajibu" tukapata kuwajibika na kuwajibisha. Tazama vizuri tofauti hiyo, maana ndiyo inayotusumbua. Anayeshughulika ameingia kwenye shughuli kwa miguu yake, na anayeshughulishwa kuna aliyemsukuma. Vivyo hivyo, anayewajibishwa ana mtu juu yake: hakimu, mwajiri, kikao cha ukoo. Mtu anaweza kuwajibishwa maisha yake yote, akafungwa, akafukuzwa, akatoa mbuzi kila Desemba watu wanapopanda kutoka Dar, asiwajibike hata siku moja. Nimewaona. Nilikuwa mmoja wao.

Nilipoacha pombe nilikuja na orodha ndefu ya watu. Baba yangu, aliyenipa kata ya mbege nikiwa darasa la tatu, nikanywa mpaka nikapepesuka na watu wakapiga makofi. Mkuu wa shule mmoja aliyenizuia kupandishwa daraja kwa chuki zake. Shemeji aliyenitangaza mtaani. Na ukweli ni kwamba kila jina kwenye orodha ile lilikuwa na ushahidi wake. Wanaotuambia "acha lawama" mara nyingi wanadhani tunazua. Hatuzui. Baba alinipa ile kata. Mkuu wa shule alinionea. Lawama ya uongo ingechakaa upesi, ila hizi zangu zilikuwa za kweli, na kwa sababu zilikuwa za kweli zilinipa ruhusa kila jioni kwa miaka kumi na miwili.

Kwa mila zetu Wachaga, kumtafuta aliyenianzisha ni kama kumtafuta aliyenifundisha kusalimia. Mbege ya ndizi na ulezi ipo kwenye posa, ipo msibani, ipo watu wanapopatana. Ningelaumu mgomba?

Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii huwa tunaisoma kana kwamba jua halikuwepo. Lilikuwepo, na yeyote aliyelima mbaazi huko tambarare anajua jua lake lilivyo. Kusingizia hapa ni kulifanya jua libebe habari yote ya mbaazi, mpaka mbaazi wenyewe usiwe na habari.

Kisingizio kina sarufi yake, na hili nalisema kama mwalimu. Tusikilize walevi tunavyosimulia: "Nilijikuta baa." "Nilijikuta nimemaliza mshahara." "Walinilewesha." "Pombe ilinizidi." Hakuna anayetenda. Pombe inatenda, rafiki anatenda, sisi tunajikuta tu, kama watu waliookotwa njiani. Kwenye kundi letu tuna desturi: ukisema "nilijikuta", mtu anakuomba kwa upole urudie. Fundi mmoja wa pikipiki, ambaye ameniruhusu nilisimulie hili, alianza, "Nilijikuta nimeuza spana za bosi." Akaombwa arudie. Akatazama mikono yake, grisi bado imo kwenye kucha. "Nili..." Akanyamaza kitambo. "Niliuza spana za bosi wangu. Seti nzima, nane mpaka ishirini na nne." Hakuna aliyesema neno. Jumatatu alikwenda gereji na fungu la kwanza la kulipa. Bosi hakumpokea vizuri, na fundi hakurudi kutusimulia ubaya wa bosi.

Kuna wanaosema: mnatuambia ulevi ni ugonjwa, kisha mnatuambia tuwajibike, chagueni moja. Uraibu ni ugonjwa kweli, na utegemezi wa pombe umo kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Lakini waulize wakulima wa kahawa kuhusu chulebuni. Ni kuvu; inapenda baridi na unyevu, inashambulia buni zikiwa bado mbichi, zinaoza na kudondoka. Hakuna mkulima aliyeileta. Hata hivyo hujamwona mkulima wa Machame akikaa chini ya mkahawa na kusema kwa kuwa ni ugonjwa, kupogolea si kazi yangu. Anapogolea hewa ipite, anakusanya buni zilizooza, anapuliza dawa kwa wakati, na akiweza anapanda miche inayohimili ugonjwa, ile ya watafiti wa Lyamungo. Ugonjwa si kosa lake, shamba ni lake. Sioni mgongano wowote hapo.

Na kwa kuwa ni ugonjwa, aliyekunywa sana kila siku kwa miaka asidhani kuwajibika ni kujifungia chumbani aache ghafla kwa ubabe. Mwili uliozoea pombe ukiikosa ghafla unaweza kutetemeka, kuona yasiyokuwepo, hata kupata degedege, na watu wamekufa hivyo. Nenda hospitali, mwambie daktari kiasi unachokunywa, kiasi cha kweli. Kwa mtu kama huyo, hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kuwajibika.

Lipo kosa la pili, na hili halisemwi sana kwa sababu linafanana na unyenyekevu. Mtu akishaacha kuwalaumu wengine, anazigeuza lawama zote kuja kwake. Mwaka mmoja nilijaza alama za maendeleo za kidato cha tatu bila kusoma hata insha moja. Nakumbuka meza, rundo la madaftari yenye majalada ya kaki, kalamu nyekundu inatetemeka mkononi. Nikaandika 54, 61, 47, jina kwa jina. Nilipoacha pombe, picha ile ilinirudia usiku. Nikawa najiita majina ambayo sitayaandika hapa, nikilia, na nikaamini kulia kule ndiko kuwajibika. Nilipolisema kundini, mzee mmoja aliniuliza polepole: "Mwalimu, wale watoto wanapata nini ukilia?" Sikuwa na jibu. Kujilaumu nako ni lawama. Bado nilikuwa natafuta mtu wa kupiga, ila safari hii nilimpata karibu.

Nilikwenda kwenye shule ile nikamweleza mkuu aliyekuwepo wakati huo. Alama hazikuweza kurudishwa. Watoto wale sasa ni watu wazima, wengine siwajui walipo. Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi nakaa na vijana wanaorudia mtihani wa kidato cha nne, nasoma insha zao mstari kwa mstari, bila malipo. Haifuti kilichotokea. Ndicho kilichobaki kwangu kufanya.

Wenzetu wa Alcoholics Anonymous, chama kilichoanzia Akron, Ohio, Marekani, mwaka 1935, wanalo jambo hili katika hatua zao kumi na mbili: unaorodhesha uliowaumiza, kisha unawarekebishia moja kwa moja panapowezekana, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutawaumiza zaidi wao au wengine. Hilo la mwisho ni muhimu. Kuna anayekwenda kutubu kwa mke wa zamani ili yeye alale usingizi, na mwenzake ndiye akose.

Ila sisi tulikuwa na somo hili kabla. Uchagani ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, mmea wa majani marefu ya kijani, na akishaletewa isale ni vigumu sana kukataa kusamehe. Isale hilohilo ndilo tulilopanda mipakani mwa vihamba. Utotoni niliona hayo kama mambo mawili yaliyokutana kwenye mmea mmoja kwa bahati. Siku hizi naona ni jambo moja. Anayekuja na isale mkononi anasema: nimevuka mpaka, najua ulipo, upande huu ni wako na ule ni wangu. Baba yangu na ile kata wako upande wao wa isale, na mkuu wa shule na chuki zake vilevile. Sijasema hawakukosea. Nimesema shamba lile silipalilii mimi. Langu lina magugu ya kutosha, na miaka kumi na miwili nilikuwa nimesimama mpakani namwangalia jirani.

Tunapokosea ni kudhani isale likishapokelewa kazi imekwisha. Msamaha anautoa aliyekosewa, na akishautoa ng'ombe wake uliyeuza bado hayupo zizini.

Baba mkubwa, shikamoo. Najua wajukuu watakusomea haya. Neno ulilolitaka Jumapili ni "tukuwajibishe", na ukoo una haki hiyo, sikuondolei. Lakini kama ulitaka awajibike, ilitosha kumuuliza ni yapi yaliyomwangukia, kisha kumwachia nafasi ayataje mwenyewe: ada ya mtoto ya muhula huu, deni la duka la kona, na mlango wa jiko la mama unaoning'inia kwa bawaba moja tangu Pasaka. Na wewe mdogo wangu, sema "niliadhibiwa". Ni kweli, tena iliuma, hakuna atakayekubishia. Kuwajibika bado hujaanza, na hujachelewa. Bawaba zinauzwa Mbuyuni. Jumamosi nikimaliza na wale vijana nitapita hapo na bisibisi yangu. Mlango utaushika wewe.