Bomba la choo likivunjika chini ya ardhi, utajuaje?

Tetemeko likipiga watu wanaulizia nyumba, na wako sawa, ila sie wa maji machafu tunawaza kesho yake asubuhi mji mzima utakwenda chooni na hayo maji yatapita wapi.

Mfano ninaopenda kuusoma ni wa Christchurch, New Zealand. Walipigwa Septemba 2010, halafu tarehe 22 Februari 2011 likaja lile lililoua watu 185. Upande wa mashariki ya mji ardhi ni mchanga laini na maji yako karibu na juu, sasa mchanga uliolowa ukitikiswa sana unageuka uji, ndo hiyo inaitwa likwifaksheni. Mchanga ukaingia kwenye mabomba kupitia viungo vilivyoachana, chemba zikaelea zikatokeza juu ya lami, na kibaya zaidi mabomba yakapoteza mteremko. Hapo wengi hawapaoni. Bomba la maji safi lina presha, likipasuka utaona maji njiani, lakini la choo kawaida linategemea mteremko tu, linaweza kuwa halina hata ufa mmoja na bado halifai, katikati limezama na uchafu unatuama palepale.

Kujua ndani kukoje unapitisha kamera, lakini kwanza unaosha mchanga, na tetemeko dogo likija tena mchanga unarudi. Ukisubiri kamera imalize mji mzima, miaka inakatika. Basi ile timu ya kujenga upya, SCIRT, ikatumia mabomba yaliyokwishapigwa kamera kukisia hali ya yale ambayo hayajapigwa: la aina gani, la zamani kiasi gani, udongo wa pale uliyeyuka vipi. Ya zege na ya udongo wa kuchoma yaliumia sana, ya plastiki yakastahamili vizuri zaidi. Halafu si kila lenye ufa linang'olewa, jengine unalivisha bomba jipya kwa ndani, jengine unaliacha, na sehemu nyengine kule waliweka mfumo wa presha au wa kuvuta kwa vakyumu usiotegemea mteremko.

Mie ninachokiogopa kwenye data za namna hii ni kwamba kamera siku zote huanza kwenye malalamiko, kule kulikofurika, kwa hiyo ukichukua picha hizo ukazitandaza mji mzima utaamini kila bomba limekufa na pesa zote zitaishia kufukua mabomba mazima. Lazima upeleke kamera na kwenye mitaa iliyonyamaza, hata kama bosi atakuuliza unatafuta nini huko.

Unguja hatutikisiki kama wao, ingawa lile la tarehe 12 Agosti 2020, la ukubwa wa kama 6, lilipiga baharini upande wa Dar na huku tulilisikia. Ng'ambo, ule upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, wengi wetu tuna makaro, Mji Mkongwe una mabomba ya zamani yanayomwaga baharini, na baina yao palikuwa na hori la bahari likafukiwa, Darajani mpaka Mnazi Mmoja. Ningeambiwa nichague pa kuanzia kupitisha kamera, ningeanza hapo, penye ardhi ya kufukiwa.

Ila kamera bila kumbukumbu ya bomba ni la aina gani, lina kina gani na limewekwa lini haikisii chochote, na huku kwetu kumbukumbu nyingi ziko vichwani mwa mafundi waliokwishastaafu. Nimeanza kuwafuata mmoja mmoja, wananionesha njia nami natia alama kwenye ramani ya simu. Kama una babu aliyefanya kazi hizo, nambie nije.