Kugeuza shavu si kunyamaza

Wanaume wengi wa Kikristo hapa Unguja husema Mathayo 5:39 inatuagiza kugeuza shavu, basi ukiona dhuluma nyamaza, mwachie Mungu. Sivyo. Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu (Yohana 18:22-23) hakulirudisha, lakini alimuuliza aliyempiga: kama nimesema vema, wanipigia nini? Kilichokatazwa ni kisasi. Na waumini wa Mkunazini, ambao kanisa lao limesimama palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, wana sababu zaidi ya kuelewa kwamba dhuluma hainyamaziwi.

Chukua mfano wa meza ya kuhesabia sadaka. Mmehesabu shilingi 340,000, mwenzako aliyekuzidi umri anasema, "Andika laki tatu, hizo nyingine nauli." Hapo hapo, kalamu ikiwa mkononi, mwambie kwa sauti ya chini: "Mzee wangu, naandika tulizohesabu. Nauli tuiombe kamati." Inatosha. Usimwite mwizi. Tieni saini wote wawili kabla fedha hazijaondoka mezani.

Akikataa, Mathayo 18:15-17 ina ngazi zake: nenda peke yako, kisha na mtu mmoja au wawili, ndipo kanisa. Wengi huharibu kwa kuanzia barazani kwenye kahawa. Kabla ya magharibi mtaa mzima unajua, naye hana pa kurudi ila kubisha. Wengine husubiri wiki nzima. Saini yako ikishakaa chini ya ile laki tatu, wewe nawe una la kujibu.