Drams Zipo, Zimegawanywa kwa Watu Watano

Wiki iliyopita tena. Onyesho limekwisha, mandolini, chombo changu kidogo cha nyuzi jamaa ya gita, narudisha kwenye sanduku lake, mzee mmoja wa kwetu, mpenzi mkubwa wa dansi, akanijia: "Kijana, mnapiga vizuri sana, ila tafuteni mtu wa drams, muziki uchangamke." Nikamwitikia kwa heshima, "Nimekusikia, mzee." Lakini maneno hayo nimeshaambiwa na Waswahili, nimeambiwa na Wamarekani, nimeambiwa hata na mafundi mitambo ambao kazi yao ni kusikiliza. Basi leo nayajibu kwa maandishi. Si kweli kwamba bluegrass, huu muziki wa nyuzi wa Kimarekani tunaoupiga, hauna mdundo. Mdundo upo, tena mkali, ila umewekwa mikononi mwa watu wa nyuzi.

Harakaharaka: besi kubwa ya kusimama inapiga pigo la kwanza na la tatu, hiyo ndiyo kiki, ile ngoma nzito ya mguuni. Mandolini inajibu kwenye la pili na la nne. Hiyo ndiyo snea, ile ngoma ndogo ya sauti kali. Gita linafanya kidogo cha huku na kidogo cha kule, banjo inajaza katikati, fidla inaimba juu. Mpangilio huu ulikomaa ndani ya bendi ya mpiga mandolini Bill Monroe, Blue Grass Boys, hasa baada ya Desemba 1945 alipoingia kijana wa North Carolina, Earl Scruggs, na banjo yake ya vidole vitatu. Walipiga muziki huo kwenye onyesho la redio la Grand Ole Opry mjini Nashville, enzi ambazo onyesho hilo lilikuwa ukumbi wa Ryman, kwa kasi ambayo bendi nyingi zenye drams zisingeithubutu.

Sasa chopu, yaani lile pigo fupi la mandolini linalokatwa papo hapo, maana hapa ndipo masikio ya wengi yanapopita bila kusimama. Mandolini ina nyuzi nane zilizopangwa mbilimbili. Kodi ya G ya kuchopu (kodi ni sauti kadhaa zikilia pamoja) inashikwa kwenye freti, vile vyuma vya shingoni, ya 7, ya 5, ya 2 na ya 3, kuanzia nyuzi nene kwenda nyembamba. Hakuna uzi ulioachwa wazi, na sababu ni moja: uzi ulio wazi vidole vya kushoto haviwezi kuunyamazisha. Mkono wa kulia unashuka mara moja, kwa kifundo na si kwa bega, na papo hapo vidole vya kushoto vinalegea bila kuziachia nyuzi. Sauti inakatika pale pale ilipoanza. Ukilegeza mapema unapata mkwaruzo usio na kodi. Ukichelewa, kodi inaendelea kulia na kumfunika mwimbaji. Wanafunzi wangu wote hukazana na mkono wa kulia, wanapiga kwa nguvu hadi mabega yanauma, kumbe kazi yote iko kushoto, kwenye kule kulegeza.

Na ikifika zamu yangu ya solo, snea inakwenda wapi? Swali hili hakuna anayeniuliza, nami ningefurahi sana kuulizwa. Nikisogea mbele kwenye maikrofoni, banjo inaacha rolu zake, ile mizunguko ya vidole, na kushika pigo la pili na la nne kwa kodi fupi zilizobanwa. Au fidla inachopu: mpigaji anauangusha upinde kwenye nyuzi kwa upande wa karibu na mkono wake, ukwaruze na kunyamaza. Mbinu hiyo ya fidla aliianzisha Richard Greene alipokuwa kwa Monroe miaka ya 1960. Kwa hiyo ndani ya wimbo wa dakika tatu drams inahama mikono mara kadhaa, na hakuna anayehesabu kwa sauti. Ikitokea mapigo mawili tu hakuna aliyeishika, wimbo unalegea na hata asiyejua muziki anahisi. Ndiyo maana tunasimama kwa kubanana hata jukwaa likiwa kubwa. Fundi mitambo anayetutawanya ili tupendeze kwenye picha ametunyang'anya drams zetu.

Anayetaka ngoma ya kuwambwa na aitazame banjo. Ni ngoma iliyotiwa shingo na nyuzi tano. Siku hizi inawambwa plastiki badala ya ngozi, lakini inakazwa kwa ndoano kuzunguka duara lote, nasi tunaigonga kwa kidole kabla ya onyesho kusikia kama imekaza sawa. Asili yake ni Afrika Magharibi, kwenye vibuyu vilivyowambwa ngozi, ndugu zake akonting ya Wajola wa Senegambia. South Carolina, baada ya uasi wa watumwa wa Stono mwaka 1739, ilipitisha sheria mwaka 1740 iliyowakataza watumwa kutumia ngoma. Wapo wanaochukua sheria hiyo na kuvuta mstari ulionyooka hadi kwa Scruggs mwaka 1945, kana kwamba ndiyo sababu bluegrass haina mpiga drams. Mimi mstari huo siuamini, umepita juu ya vitu vingi mno. Ninachokiamini ni kwamba Monroe alipokuwa kijana Kentucky alipiga kwenye dansi za usiku pamoja na Arnold Shultz, Mmarekani Mweusi aliyepiga gita na fidla, na deni hilo Monroe mwenyewe alilikiri. Tena isikilize rolu ya mbele ya banjo: sauti nane zilizogawanywa tatu, tatu, mbili. Mpenzi wa rumba ya Kongo anaijua hesabu hiyo. Ni nusu ya kwanza ya klave, ule mdundo wa vijiti unaoiongoza rumba.

Vitabu vinasema mandolini ni snea, basi, mada imefungwa. Nami nafundisha hivyo, ila nina shaka. Snea haina kodi. Nikimsikiliza Monroe kwenye rekodi za zamani, chopu yake si kavu namna hiyo. Ina sauti ya nyuzi ndani yake, na inasukuma mbele kana kwamba anamharakisha mpiga besi. Je, kweli anawahi kabla ya pigo, au ni ule ukali wa kuanza kwa sauti unaotudanganya? Kuna miezi naamini hili, kuna miezi naamini lile. Na drams si haramu: Jimmy Martin, aliyewahi kumpigia Monroe gita, baadaye aliweka snea kwenye bendi yake na muziki wake ukabaki bluegrass. Mzee wangu hakukosea kuzipenda. Alikosea kudhani tumepungukiwa.

La mwisho ni makofi ya kufuatisha mdundo. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukikaa mita 34 kutoka jukwaani, pigo letu linakufikia likiwa limechelewa sehemu ya kumi ya sekunde, na kofi lako linachelewa tena kiasi hicho hicho kurudi. Kwenye wimbo wa mapigo 150 ya besi kwa dakika, jumla hiyo ni nusu kamili ya nafasi kati ya pigo na pigo. Yaani kofi ulilolipiga pamoja na besi linatufikia sisi juu ya mandolini, na ukijitahidi kupiga na mandolini linatua kwenye besi inayofuata. Watu 200 wakifanya hivyo kwa moyo mmoja, sisi watano tunavutwa nyuma bila kutaka, na wimbo unapoa. Pigeni miguu sakafuni, imbeni, ondokeni vitini mcheze. Na mtu akimaliza solo yake mpigieni makofi pale pale, hata wimbo ukiwa bado unaendelea. Ndiyo desturi ya muziki huu, na hayo makofi tunayataka.